Hodi Isiyojibiwa: Maisha ya Bi Candida Melkiori wa Mtaa wa Mchikichi, 1954–2025

Bi Candida Melkiori, ambaye wengi mliofika hapa Kinondoni leo mlimwita Mama Joyceline, na wenye maduka wa Kariakoo wakamwita Fundi Candida, alizaliwa tarehe 3 Machi 1954 katika mtaa wa Kikwajuni, Unguja. Alikuwa mtoto wa pekee wa Mzee Melkiori, fundi seremala kutoka Kibosho, Kilimanjaro, na mkewe Bi Rachel. Mzee Melkiori alivuka kwenda Unguja mwaka 1951 kutafuta kazi, akaipata ya kutengeneza milango na madirisha, na baada ya hapo Kibosho akawa anakwenda kwenye misiba tu. Ndiyo maana marehemu, ukoo ulipomuuliza miaka ya karibuni kama angependa kuzikwa Kibosho kwenye kihamba, shamba la migomba la babu, kama ilivyo desturi, alijibu, "Kihamba sikijui, nacho hakinijui. Nizikeni hapa hapa mjini, msinifungie kwenye basi siku nzima." Ukoo ulikubali, na leo umefika kwa basi hilo hilo. Asanteni.

Huko Kikwajuni familia ilipanga vyumba viwili vya uani katika nyumba ya Mzee Hashimu, aliyekuwa na duka dogo la nazi, sabuni na mafuta ya taa katika chumba cha mbele. Mzee Hashimu alikuwa Mwarabu kwa baba na Mswahili kwa mengine yote. Alifiwa na mkewe mapema, akabaki na binti mmoja, Sitara, aliyemzidi Candida miezi michache. Wasichana hao walikula sinia moja na kulala mkeka mmoja, na mzee huyo aliwafunza adabu wote wawili bila kuangalia nani ni wa msikitini na nani ni wa kanisani. Alikuwa na somo moja alilolipenda kuliko yote. Jioni, akishafunga duka, alitoka nje ya nyumba yake mwenyewe, akasimama barazani na kuita, "Hodi." Wasichana wakaitikia kwa pamoja, "Karibu." Akasema, "Sijasikia," akaenda hadi kona ya mtaa, akarudi, akaanza upya. Majirani walimcheka. Yeye aliwaambia watoto, "Mtu akipiga hodi aitikiwe. Hata kama umekasirika naye. Muitikie kwanza, ugomvi utafuata akishaketi."

Candida alianza shule mwaka 1961 katika shule ya misheni iliyokuwa Mji Mkongwe. Alimaliza darasa la tatu mwishoni mwa 1963, na alikuwa anangoja kuanza la nne wakati mapinduzi yalipotokea.

Sehemu inayofuata marehemu aliichora mwenyewe, kisanduku baada ya kisanduku, katika kitabu chake cha picha kiitwacho Kufuli kwa Nje. Aliagiza isomwe siku ya mazishi yake bila kupunguzwa.

Alfajiri ya Jumapili tarehe 12 Januari 1964, Kikwajuni iliamshwa na milio. Wengine walisema ni baruti za harusi. Mzee Melkiori alitoka kuangalia, akarudi haraka, akamwambia mkewe kwamba maduka yanavunjwa na kwamba mtu mwenye duka, mwenye sura na jina la Mzee Hashimu, asionekane barazani. Kufikia mchana duka la mbele lilikuwa limebaki na mizani tu. Mzee Melkiori alimchukua Mzee Hashimu na Sitara akawaingiza katika chumba chake cha nyuma, ambacho mlango wake ulifungukia uchochoroni. Akapigilia mbao dirishani. Kisha akachukua kufuli kubwa la sanduku lake la zana, akalitia mlangoni, kwa nje.

Mawazo yake yalikuwa mepesi na mazuri. Mlango wenye kufuli kwa nje hauna mtu ndani. Yeye, mtu wa bara, aliweza kupita barabarani bila kuulizwa sana, kwa hiyo kila asubuhi alibeba zana zake, akafunga, akaondoka kama mtu anayeishi peke yake. Ndani walibaki wanne: mkewe, binti yake, Mzee Hashimu na Sitara. Hawakuwasha jiko, kwa sababu moshi husema. Hawakukohoa. Ndoo ilikuwa pembeni, imefunikwa kwa kipande cha gunia, na baada ya siku ya kwanza hakuna aliyeionea haya. Mwanga uliingia kwa ufa mmoja chini ya mlango, na katika ufa huo waliona miguu: ya viatu, ya makobazi, mitupu. Candida aliwahi kusema kwamba mapinduzi yeye aliyaona kuanzia kwenye kifundo cha mguu kwenda chini.

Humo ndimo alimojifunza kuchora. Mzee Hashimu alikuta vipande vya mkaa vimebaki ndani ya jiko, akawa anachora sakafuni ili watoto wasilie. Mazungumzo yao yalikuwa ya kunong'ona.

"Hiki nini?"

"Kuku," alisema Sitara.

"Kuku ana miguu minne?"

"Basi meza," alisema Candida.

"Ni punda. Nyie watoto hamna macho."

Walipochoka kubahatisha, aliwaambia wachore mtaa wasiouona: duka la mshona viatu, bomba la maji, mti wa mkungu. Asubuhi sakafu ilikuwa Kikwajuni nzima, jioni waliifuta kwa kiganja ili kesho waichore tena. Chakula kilikuwa mkate aliokuja nao Mzee Melkiori chini ya randa. Mzee Hashimu aliwaachia watoto fungu lake. Ramadhani ilikuwa imekaribia, naye akasema, "Yangu mwaka huu imewahi kidogo."

Jumatano tarehe 15, baada ya adhuhuri, joto liliwashinda wote. Bi Rachel alisinzia ameegemea ukuta. Mzee Hashimu alikaa karibu na ndoo, amefumba macho, midomo ikienda bila sauti. Wasichana walilala kifudifudi sakafuni, vichwa vimegusana, wanachora. Miguu ikaja uchochoroni, mingi, ikasimama. Mtu akalitikisa kufuli.

"Hapa hamna mtu," alisema mmoja.

"Anakaa seremala. Namjua mimi, hana maneno."

"Basi twendeni."

Wakaanza kuondoka. Kisha mmoja wao, pengine kwa mazoea tu, maana naye alikuwa mtoto wa watu aliyelelewa, akaita kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyekuja kuomba maji ya kunywa:

"Hodi."

Na kutoka ndani sauti ya kitoto ikaitikia:

"Karibu."

Katika kitabu, kisanduku hicho kimechukua ukurasa mzima. Wamo watu wanne, giza, na mstari mmoja wa mwanga chini ya mlango. Mdomo uliofunguka ni mmoja tu, wa Candida.

Halafu yule aliyeita akacheka kidogo. "Jamani," alisema, "kufuli linakaribisha wageni."

Walilivunja kwa jiwe. Mzee Hashimu hakungoja kuburutwa. Alisimama, akaiweka sawa kofia yake, akamwambia Bi Rachel aliyekuwa amejiziba mdomo, "Asikemewe mtu humu. Nimefundisha mwenyewe." Akatoka kwa mlango, akiinama kidogo kwa kuwa fremu ilikuwa fupi. Hakuonekana tena. Mzee Melkiori alimtafuta kila mahali alipothubutu kumtafuta, mpaka mtu aliyemwonea huruma alipomshauri aache kuuliza. Kaburi lake halijulikani. Marehemu aliomba jina lake litajwe hapa leo, kwa sababu hakupata siku ya kutajiwa. Mzee Hashimu wa Kikwajuni, mwenye duka.

Hakuna aliyemkemea Candida. Hilo, alisema baadaye, ndilo lililomfunga. Angechapwa, angelia na yangeisha. Badala yake nyumba nzima ilinyamaza, na yeye akanyamaza ndani yake. Wasichana waliendelea kulala mkeka mmoja, migongo imetazamana. Mwezi Februari ndugu wa marehemu mama yake Sitara walituma mtu kutoka Tanga kumchukua. Siku ya kuondoka, Candida alisimama uani kumuaga. Sitara alipita na kifurushi chake, akiangalia chini, hakugeuka. Candida alielewa kwamba amehukumiwa. Alikuwa na umri wa miaka tisa.

Aprili mwaka huo Mzee Melkiori aliihamishia familia yake Dar es Salaam. Walivuka kwa boti ya mizigo, Candida akiwa chini, katikati ya magunia ya mbata, macho ameyafumba njia nzima. Tangu siku hiyo hakuvuka tena maji, ya bahari wala ya mlango wa bandari.

Walipata chumba katika nyumba ya Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, nyumba ambayo baadaye Mzee Melkiori aliinunua polepole, na ambayo marehemu aliishi humo hadi mwisho. Wiki ya kwanza jirani alipiga hodi kuleta chakula kilichobaki cha wageni wake. Alimkuta Candida chini ya kitanda. Hapo ndipo ilipoanzia tabia ambayo mtaa mzima uliijua na hakuna aliyejua sababu yake: Candida hakuitikia hodi. Akisikia, aliacha alichokuwa anafanya, akaenda taratibu hadi mlangoni, akachungulia, akafungua bila neno, akampisha mgeni kwa mkono. Kwa watu wa mji huu hilo ni zaidi ya tusi. Wapo walioondoka baada ya hodi ya tatu wakijua yumo ndani, na hawakurudi. Wapo waliomwita mchawi. Bi Rachel, aliyejua, alitangulia kuitikia kila alipokuwepo, na hata alipokuwa akiumwa aliitikia kutoka kitandani kwa niaba ya binti yake. Alipofariki mwaka 1976, nyumba ikakosa mtu wa kuitika.

Jambo la pili ambalo hakulivumilia lilikuwa kufuli kwa nje wakati ndani kuna mtu. Kariakoo ya wapangaji ilikuwa na kina mama waliofungia watoto chumbani ili waende sokoni. Marehemu aliposikia mtoto analia nyuma ya kufuli, alikaa chini mlangoni hapo, kwenye sakafu ya ukumbi, akaongea na mtoto huyo hadi mama yake arudi. Mama mmoja alimwambia, "Huna kazi, dada?" Akajibu, "Ninayo. Ndiyo hii."

Alimaliza darasa la saba mwaka 1968 na hakuchaguliwa kuendelea. Alikaa nyumbani miaka miwili, akichora kwa mkaa ukutani uani, hadi mwaka 1971 fundi wa mabango aitwaye Abubakary, aliyekuwa na kibanda Mtaa wa Livingstone, alipouona ukuta ule akija kudai ngazi aliyoazimwa Mzee Melkiori. Aliuliza nani amechora punda yule. Kuanzia wiki iliyofuata Candida alikuwa akimsaidia kujaza herufi. Baada ya miaka mitatu alikuwa anapanda ngazi mwenyewe, kavaa suruali ya kaki, kanga kiunoni juu yake kwa heshima ya mtaa.

Wabeba mizigo walimtania. "Dada, ukidondoka nikudake?"

"Tangulia wewe kudondoka," alisema bila kugeuka, "nione inavyokuwa."

Vichwa vya kinyozi vilivyokuwa mitaa ya Sikukuu na Narung'ombe, kuku wa mchuzi kwenye kuta za mahoteli, saa, betri, redio, vyerehani: kwa miaka thelathini na kitu, nusu ya picha hizo zilitoka mkononi mwake. Na kila mwenye duka alitaka neno moja juu ya mlango. Karibu. Mara ya kwanza alipoagizwa kuliandika alishuka kwenye ngazi akamwambia Abubakary hawezi. Fundi huyo hakuuliza mengi. Alimwambia, "Usiliandike lote. Chora K. Ukimaliza K, nitakwambia inayofuata." Akalichora hivyo, herufi moja moja, kama picha ya vitu sita vilivyokaa pamoja kwa bahati. Baadaye mkono ulizoea na akaliandika katika mamia ya milango. Mdomo haukuzoea. Kariakoo nzima ilikaribishwa na mwanamke asiyekaribisha mtu.

Alifunga ndoa na Bwana Kasmir, mfanyabiashara wa vitambaa vya jumla mwenye asili ya Kibosho, katika Parokia ya Msimbazi tarehe 14 Oktoba 1978. Ndoa hiyo nusura isiwepo. Washenga watatu wa Bwana Kasmir walikuja Mchikichi wakiwa wamevaa makoti, Mzee Melkiori akiwa ametoka kidogo. Walipiga hodi. Kimya. Wakapiga ya pili na ya tatu, wakatazamana, wakaona wamekataliwa, wakaondoka. Candida, aliyekuwa ametembea hadi mlangoni kwa mwendo wake ule ule, alifungua akakuta baraza tupu. Alitoka mbio, mikono imejaa rangi ya bluu, akawakuta kwenye kona, akamshika mkubwa wao koti. Koti hilo lilibaki na vidole vitano vya bluu. Bwana Kasmir alipenda kusimulia kwamba yeye alioa mwanamke asiyekaribisha ila anakimbiza. Mkewe alimweleza sababu usiku wa ndoa yao. Alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Basi mimi nitakuwa naitika," na aliitika, kwa karibu miaka thelathini na mitatu, hadi alipofariki tarehe 2 Agosti 2011. Walijaliwa watoto wawili, Joyceline mwaka 1980 na Hillary mwaka 1983.

Joyceline alipoolewa alihamia Kigamboni. Ni mwendo mfupi wa kivuko. Mama yake alimsindikiza hadi Kivukoni kila alipokuja kutembea, akanunua samaki sokoni Feri, akasimama hadi kivuko kinaondoka, akageuka. Kwa miaka kumi na saba hakuiona nyumba ya binti yake. Daraja lilipofunguliwa mwaka 2016, Hillary alimpeleka kwa gari. Alipofika alisema, "Sikuvuka bahari. Nimevuka barabara." Na jioni akataka arudishwe.

Miaka hiyo Kariakoo ilikuwa ikipanda juu. Mabango yakaanza kuchapwa kwa mashine, akaweka brashi zake ndani ya kopo. Ghorofa likajengwa kulia, jingine kushoto, la tatu nyuma. Nyumba ya Mzee Melkiori ikabaki chini kama kitu kilichodondoka. Dirisha la marehemu, lililokuwa likiona uwanja wa jirani na kamba za nguo, likawa linaona ukuta wa saruji kwa umbali wa mkono, na taa iliwashwa saa sita mchana. Watoto walimsihi ahame. Alisema chumba chenye mwanga wa ufa mmoja anakijua, hakimtishi.

Mwaka 2019 mjukuu wake Brightness, mtoto wa Joyceline, alikuja kukaa naye ili awe karibu na chuo. Siku ya tatu alimuuliza kile ambacho watu wazima wote walikuwa wanakipita kwa mbali. "Bibi, kwa nini huitikii hodi? Una kiburi au husikii?"

"Kueleza siwezi," alisema marehemu. "Lete karatasi."

Hakukuwa na karatasi, kulikuwa na makadi magumu yanayowekwa ndani ya mashati mapya, ambayo wauzaji wa jumla huyatupa barazani kwa marundo. Alichora juu ya hayo. Alichora kila siku, Brightness akikaa pembeni na kuuliza, naye akijibu kwa picha na wakati mwingine kwa maneno, hadi kufikia mwaka 2022 zilikuwa zimetimia kadi mia moja na kumi. Hillary alizichapisha kama kitabu. Brightness alizituma kurasa chache katika simu, zikasambaa kuliko kitabu chenyewe. Watu wasiojuana walimwandikia. Marehemu aliuliza swali moja tu kila alipoambiwa kuna ujumbe: "Unatoka Tanga?" Ulikuwa hautoki Tanga.

Moyo ulianza kumsumbua mwishoni mwa 2023. Alilazwa mara mbili, miguu ikavimba, na kuanzia Januari mwaka huu hakutoka tena nje ya baraza. Joyceline alihamia Mchikichi kumuuguza. Daktari alisema moyo umetanuka. Mgonjwa alisema ni kinyume, umebanwa tangu zamani. Alilala ametazama mlango, na mlango, kwa amri yake, uliachwa wazi mchana kutwa, watu wapite, kelele ziingie.

Jumamosi tarehe 10 Mei 2025, mchana, Joyceline alikuwa uani akikanda unga wa chapati aliposikia hodi ukumbini. Hakukimbia, alijua mama hataitika na alikuwa na unga hadi viwikoni. Hodi ya pili. Alipofika ukumbini alimkuta mwanamke mzee mnene amevaa baibui, ameshikwa mkono na msichana. Msichana alisema anaitwa Nasreen, ametoka Tanga na bibi yake. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, lakini yule bibi alikuwa amesimama nje ya kizingiti, hajaitikiwa, hajaingia.

Marehemu alimtazama muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono, kama alivyofanya kwa wageni wote.

Bi Sitara alikaa ukingoni mwa kitanda. Waliulizana hali, mvua, magoti.

"Umekonda, Candida."

"Na wewe umenenepa."

"Tanga kuna samaki."

Marehemu akauliza, "Umekiona kitabu?"

"Nimekiona. Kina kosa."

"Kosa gani?"

"Ule ukurasa mkubwa. Umechora mdomo mmoja." Bi Sitara aliweka mkono juu ya shuka. "Ilikuwa miwili. Na mimi niliitikia. Tulifundishwa pamoja, tuliitikia pamoja."

"Nilisikia sauti yangu peke yake."

"Na mimi nilisikia yangu peke yake. Mpaka mwaka huu nimeisikia. Siku ile naondoka sikukutazama, nilijua unajua. Mama yako ananilisha, mnanilaza, na mimi ndiye niliyemtoa baba yangu nje. Ningekutazama kwa macho gani?"

Marehemu akasema, "Unanidanganya ili nife vizuri."

"Nimekaa kwenye basi kutoka Tanga na magoti haya nije kukudanganya? Si ningepiga simu." Akamgeukia Brightness, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Mpe kalamu, mwanangu."

Brightness aliileta kadi yenyewe kutoka kabatini. Bi Sitara aliushika mkono wa marehemu kwenye kifundo, si kwa kuuongoza, kuutegemeza tu. Polepole, katika uso wa yule msichana wa pili aliyelala kifudifudi gizani, marehemu alichora mdomo uliofunguka. Ilichukua muda. Alipomaliza aliitazama kazi hiyo kama fundi, akasema, "Umekaa upande." Bi Sitara akasema, "Ndivyo ulivyokuwa."

Kama ilikuwa kweli au ilikuwa huruma, familia haijui. Bi Sitara yuko hapa leo, na familia inaomba asiulizwe.

Alikuwa amefikia kwa ndugu zake Buguruni, na kesho yake asubuhi alirudi. Alisimama kwenye kizingiti kile kile. "Hodi," aliita. Joyceline alikuwa tayari ameinuka kwenda kumpokea aliposikia kutoka chumbani sauti ambayo hakuwahi kuisikia ikisema neno hilo tangu azaliwe.

"Karibu."

Haikuwa kubwa. Hillary, aliyekuwa anakunywa chai, aliweka kikombe chini. 

Kwa wiki tano zilizobaki marehemu aliitikia kila hodi iliyopigwa Mchikichi. Aliitikia jirani, padri, muuza ndizi, msoma mita, na wakati mwingine hodi za nyumba ya pili ambazo hazikumhusu. Bahari hakuivuka. Moyo usingeruhusu, na mwenyewe alisema mlango mmoja kwa mwaka mmoja unatosha. Chumba kilibaki kile kile, ukuta ule ule dirishani, taa ile ile mchana.

Jumanne tarehe 17 Juni, saa mbili asubuhi, Bi Sitara alipiga hodi. Joyceline alikuwa uani, maji yanachemka. Alisikia hodi ya pili. Akasikia ya tatu. Kwa maisha yake yote kimya cha chumba kile kilikuwa ni kawaida ya mama yake tu. Asubuhi ile aliacha maji yakichemka, akakimbia.

Marehemu Bi Candida Melkiori ameacha watoto wawili, Joyceline na Hillary. Mkwe mmoja, Bwana Anselmi. Wajukuu wanne, Brightness, Elibariki, Rachel na Melkiori. Na dada mmoja, Bi Sitara binti Hashimu wa Kikwajuni na Tanga.

Apumzike kwa amani. Na huko aendako, akipiga hodi, aitikiwe.